Mvuke wa Zebaki Mwilini: Unavyoingia, Unavyobadilika na Unavyotoka

Mada mtambuka: Biolojia (ubadilishanaji wa gesi, usafirishaji, utoaji wa takamwili) na Kemia (metali, oksidisho)

MALENGO YA MADA

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi mvuke wa zebaki unavyopenya kutoka kwenye mapafu hadi kwenye damu;
(b) kueleza mabadiliko ya zebaki ndani ya seli za damu na sababu ya kunaswa kwake katika ubongo na figo;
(c) kutaja njia ambazo mwili hutumia kuitoa zebaki na kukokotoa kiasi kinachobaki baada ya muda fulani;
(d) kutumia maarifa hayo kupima usahihi wa imani za mitaani kuhusu kinga na tiba ya zebaki.

1. KWA NINI TUNASOMA MADA HII

Watahiniwa wengi wanajua vizuri mapafu yakiulizwa peke yake, na figo zikiulizwa peke yake. Swali likianzia kwenye mapafu, likapita kwenye damu na kuishia kwenye mkojo, wengi hupotea njiani. Zebaki ni mfano mzuri wa kujifunzia maswali ya namna hiyo, kwa sababu safari yake mwilini inapita katika mada nne za Biolojia na mbili za Kemia.

Ipo sababu nyingine. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kama Geita, Kahama, Chunya na mkoa wa Mara, zebaki inatumika kuchenjua dhahabu. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga huoshwa kwenye mialo, kisha zebaki huchanganywa ili ishikamane na chembe za dhahabu. Linapatikana donge ambalo mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki inaruka kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu, na anayeuvuta si mchomaji peke yake. Kama donge limechomwa jikoni, wanaovuta ni wote waliomo nyumbani.

2. ZEBAKI KWA UFUPI

Zebaki ni metali yenye alama Hg na namba ya atomu 80. Ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika halijoto ya kawaida ya chumba. Inaganda katika nyuzi −39 za Selisiasi na kuchemka katika nyuzi 357.

Zingatia jambo hili: kimiminika si lazima kichemke ndipo kitoe mvuke. Maji yaliyoachwa kwenye sahani hukauka bila kuchemshwa. Zebaki nayo hutoa mvuke katika halijoto ya chumba. Hewa iliyoshiba mvuke wa zebaki katika nyuzi 20 huwa na takriban miligramu 13 katika kila mita ya ujazo. Halijoto ikipanda kwa nyuzi 10, kiasi hicho huongezeka karibu mara mbili. Ikiwekwa juu ya moto wa mkaa, zebaki yote hugeuka mvuke kwa muda mfupi.

Zebaki hupatikana katika maumbo matatu, na mtahini anapenda kupima kama unayatofautisha:

(i) Zebaki metali (Hg). Haina chaji. Hatari yake kubwa ni mvuke unaovutwa.
(ii) Zebaki ya chumvi (hasa ioni ya Hg²⁺). Ina chaji. Huyeyuka katika maji kuliko katika mafuta, na hudhuru zaidi figo.
(iii) Zebaki iliyoungana na kaboni, kama vile methili-zebaki. Hujikusanya katika samaki na kumfikia binadamu kwa chakula. Ndiyo iliyosababisha maafa ya Minamata, Japani, yaliyotambuliwa mwaka 1956.

Mada hii inahusu umbo la kwanza linapovutwa, na jinsi linavyogeuka kuwa umbo la pili ndani ya mwili. Ukilishika badiliko hilo, sehemu zote zinazofuata zitaeleweka.

3. HATUA YA KWANZA: KUTOKA HEWANI HADI KWENYE DAMU

Hewa yenye mvuke hupita puani, kwenye koromeo, bomba la hewa na matawi yake, mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Vifuko hivi vimeumbwa kwa ajili ya kubadilishana gesi. Kwa mtu mzima vina jumla ya eneo la takriban mita za mraba 70, kuta zake ni nyembamba kuliko mikromita 1, zina unyevu, na zimezungukwa na kapilari nyingi za damu.

Sifa hizo zinazoisaidia oksijeni kuingia ndizo zinazoisaidia zebaki. Mapafu hayana mlinzi wa kuuliza ni gesi gani inapita. Mvuke wa zebaki ni atomu mojamoja zisizo na chaji, tena zinayeyuka katika mafuta. Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta, kwa hiyo atomu hizo hupita bila kizuizi. Zinatoka penye ukolezi mkubwa, yaani hewani, kwenda penye ukolezi mdogo, yaani kwenye damu. Hiyo ni difyusheni. Seli haitumii nishati yoyote.

Matokeo yake ni kwamba takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki uliovutwa hubaki mwilini. Katika kila atomu kumi zinazoingia mapafuni, karibu nane hazitoki na pumzi.

Linganisha na mtu aliyemeza tone la zebaki kutoka kwenye kipimajoto kilichovunjika. Chini ya asilimia 0.01 ya tone hilo hufyonzwa na utumbo. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi kama ilivyoingia. Tone ni zito, limejikusanya, na eneo lake linalogusana na ukuta wa utumbo ni dogo. Haina maana kwamba kumeza zebaki ni salama, kwa kuwa tone likidondoka sakafuni au likipashwa moto linatoa mvuke. Maana yake ni kwamba njia ya kuingilia huamua ukubwa wa hatari.

KUMBUKA: Ukiulizwa kwa nini mvuke wa zebaki hufyonzwa kwa urahisi, taja pande zote mbili: sifa za zebaki (atomu mojamoja, haina chaji, huyeyuka katika mafuta) na sifa za vifuko vya hewa (eneo kubwa, kuta nyembamba, unyevu, damu nyingi). Mtahiniwa anayetaja upande mmoja hupata nusu ya alama.

4. HATUA YA PILI: MABADILIKO NDANI YA DAMU

Zebaki ikishaingia kwenye utegili wa damu, huingia katika seli nyekundu. Humo hukutana na kimeng'enya kiitwacho katalasi. Kazi ya kawaida ya katalasi ni kuvunja haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu inayozalishwa na seli zenyewe. Katika shughuli hiyo, katalasi pamoja na haidrojeni peroksaidi huiondolea atomu ya zebaki elektroni mbili:

Hg → Hg²⁺ + 2e⁻

Kupoteza elektroni ni oksidisho. Kwa hiyo zebaki imeoksidishwa, nayo sasa ni ioni yenye chaji chanya mbili.

Angalia kilichobadilika. Atomu iliyopita kwenye mafuta bila shida imekuwa ioni yenye chaji, na ioni haipiti kirahisi kwenye tabaka la mafuta. Zaidi ya hapo, Hg²⁺ hushikamana kwa nguvu na makundi ya salfa na haidrojeni (–SH) yaliyomo kwenye protini. Kwa kuwa vimeng'enya vingi ni protini zenye makundi hayo, zebaki inapoyakalia, vimeng'enya hushindwa kufanya kazi. Hapo ndipo sumu yake ilipo.

Mtu anaweza kusema: basi ni vizuri, zebaki ikioksidishwa ndani ya damu haitafika kwenye ubongo. Ingekuwa hivyo kama oksidisho lingekamilika papo hapo. Tatizo ni muda. Damu kutoka mapafuni hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na oksidisho huchukua muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo sehemu ya zebaki hufika kwenye ubongo ikiwa bado haina chaji.

5. HATUA YA TATU: ZEBAKI INAKOKAA

(a) Ubongo

Kapilari za ubongo zina kuta zilizobana sana, zinazozuia vitu vingi vilivyomo kwenye damu visipite. Ioni za zebaki hupita kwa shida. Atomu zisizo na chaji zinazoyeyuka katika mafuta hupita. Zikishaingia ndani ya seli za ubongo, katalasi iliyomo humo huzioksidisha ziwe Hg²⁺. Ioni hizo sasa haziwezi kurudi kwa njia zilizoingilia. Ni kama samaki katika dema: mlango upo, lakini aliyeingia haoni pa kutokea. Sehemu ya zebaki iliyonaswa katika ubongo inaweza kukaa humo kwa miaka.

(b) Figo

Figo ndicho kiungo kinachobeba zebaki nyingi kuliko vingine. Baada ya siku chache, zaidi ya nusu ya zebaki yote iliyomo mwilini inaweza kuwa kwenye figo. Ioni zinazoletwa na damu huchukuliwa na seli za sehemu ya kwanza iliyopinda ya mirija ya nefroni. Humo hufungwa na protini yenye makundi mengi ya –SH, iitwayo metalothioneini. Protini hiyo huilinda seli kwa kuishika zebaki, ila kiasi kikizidi, seli huharibika na protini huanza kupotea kwenye mkojo.

(c) Kondo la nyuma na mtoto

Atomu za zebaki zisizo na chaji hupita pia kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto aliye tumboni, ambako huoksidishwa na kubaki. Kiasi kidogo hupita pia katika maziwa ya mama. Tena mtoto mdogo huvuta hewa nyingi kwa kila kilo ya uzito wake kuliko mtu mzima. Kwa sababu hizo, mahali panapochomwa donge si mahali pa kukaa mama mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto mgongoni.

6. HATUA YA NNE: ZEBAKI INAVYOTOLEWA

Mwili hutumia njia hizi:

(i) Pumzi. Sehemu ndogo ya zebaki iliyofyonzwa, takriban asilimia 7, hurudi kwenye mapafu ikiwa bado mvuke na kutoka na hewa, hasa katika siku za mwanzo.

(ii) Kinyesi. Ini hutoa zebaki kupitia nyongo hadi kwenye utumbo. Siku za mwanzo baada ya kuvuta mvuke mara moja, njia hii hutoa zaidi kuliko mkojo.

(iii) Mkojo. Figo huachia zebaki kidogokidogo. Kwa mtu anayevuta mvuke kwa muda mrefu, mkojo ndiyo njia kuu. Kwa sababu hiyo daktari anayemchunguza mchenjuaji wa dhahabu huomba mkojo ili kupima zebaki.

(iv) Jasho, mate na maziwa ya mama. Hizi hutoa kiasi kidogo tu.

Mwili hautoi zebaki yote kwa mkupuo. Huitoa kwa sehemu: kadiri ilivyo nyingi, ndivyo inavyotoka nyingi kwa siku, kadiri inavyopungua, ndivyo utoaji unavyopungua. Utaratibu wa namna hii hupimwa kwa nusumaisha, yaani muda ambao kiasi kilichomo hupungua hadi nusu. Kwa zebaki iliyovutwa kama mvuke, nusumaisha ya mwili mzima ni takriban siku 60.

Sasa weka hatua nne pamoja. Kuingia ni kwa sekunde, kwa sababu atomu haina chaji na hupita kwenye mafuta. Kutoka ni kwa miezi, kwa sababu ndani ya mwili atomu imegeuka ioni iliyofungwa kwenye protini. Mlango wa kuingilia hauwi tena mlango wa kutokea. Hiki ndicho kiini cha mada nzima.

7. MIFANO ILIYOFANYWA

Mfano wa 1. Fundi anafanya kazi mahali penye mvuke wa zebaki wa miligramu 0.025 kwa kila mita ya ujazo, na kwa zamu moja huvuta mita za ujazo 10 za hewa. Kokotoa zebaki inayobaki mwilini kwa zamu hiyo.

Suluhisho:
Zebaki iliyovutwa = 0.025 × 10 = miligramu 0.25
Inayobaki ni asilimia 80: 0.25 × 80/100 = miligramu 0.2

Mfano wa 2. Mtu ana miligramu 16 za zebaki mwilini. Anaondoka kabisa kwenye eneo la mvuke. Baada ya siku 180 atakuwa na kiasi gani?

Suluhisho:
Idadi ya nusumaisha = 180 ÷ 60 = 3
16 → 8 → 4 → 2
Zitabaki miligramu 2.

Ona kwamba miezi sita imepita na bado haijaisha.

Mfano wa 3. Mtu mwingine haondoki. Kila mwanzo wa kipindi cha siku 60 anaongeza miligramu 8. Onesha kiasi alicho nacho mwilini kwa vipindi vinne.

Suluhisho:
Mwanzo wa kipindi cha 1: 8. Mwisho wake: 4
Mwanzo wa kipindi cha 2: 4 + 8 = 12. Mwisho wake: 6
Mwanzo wa kipindi cha 3: 6 + 8 = 14. Mwisho wake: 7
Mwanzo wa kipindi cha 4: 7 + 8 = 15. Mwisho wake: 7.5

Ukiendelea, kiasi cha mwanzo wa kipindi kinakaribia miligramu 16, ambazo ni mara mbili ya kiasi anachoongeza kila mara. (Katika hali halisi mtu huvuta kidogokidogo kila siku, tumerahisisha ili hesabu ionekane.) Jambo la kujifunza ni hili: kiasi kinachoonekana kidogo, kikirudiwa kabla cha kwanza hakijatoka, hujilimbikiza.

Mfano wa 4. Katika maabara ya shule yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3, kipimajoto chenye gramu 1 ya zebaki kimevunjika. Tuchukulie kwamba zebaki yote imegeuka mvuke na madirisha yamefungwa. Kokotoa ukolezi wake hewani, kisha ulinganishe na miligramu 0.025 kwa mita ya ujazo.

Suluhisho:
Ujazo wa chumba = 10 × 8 × 3 = mita za ujazo 240
Gramu 1 = miligramu 1000
Ukolezi = 1000 ÷ 240 = miligramu 4.17 kwa mita ya ujazo
4.17 ÷ 0.025 = 167 (takriban)

Ukolezi huo ni mara 167 ya kiwango cha kulinganishia. Kwa kawaida zebaki huchukua muda mrefu kugeuka mvuke yote, lakini hesabu inaonesha kwa nini kipimajoto kimoja kilichovunjika hakipaswi kupuuzwa.

8. DALILI ZA ATHARI

Anayevuta mvuke mwingi kwa mara moja huweza kupata kikohozi, kifua kubana, kupumua kwa shida na homa ndani ya saa chache, kwa sababu mapafu yenyewe yameunguzwa. Hali hii huweza kuua.

Anayevuta kidogokidogo kwa miezi au miaka huonesha dalili za ubongo na neva: mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira za haraka au haya isiyo ya kawaida. Fizi huvimba na mate huwa mengi. Figo nazo huweza kupitisha protini kwenye mkojo. Dalili hizi huja taratibu, na mara nyingi jamaa husema ni uchovu, ni uzee au amerogwa. Mtu mwenye dalili hizi aliyefanya kazi na zebaki aende hospitali na amweleze daktari kazi yake. Bila kuambiwa, daktari anaweza asifikirie kuagiza kipimo cha zebaki.

9. TUPIME IMANI ZA MITAANI

Maswali ya matumizi ya maarifa hutoka mara nyingi katika namna hii. Usijibu "si kweli" ukaishia hapo. Toa sababu ya kibiolojia.

"Kunywa maziwa baada ya kazi, yanasafisha sumu." Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa zebaki uliingia kupitia mapafu, ukafika kwenye damu, ubongo na figo. Maziwa na zebaki hiyo havikutani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayawezi kuifuata zebaki iliyofungwa ndani ya seli za figo.

"Funga kitambaa puani." Kitambaa huzuia vumbi, kwa kuwa chembe za vumbi ni kubwa kuliko matundu yake. Mvuke wa zebaki ni atomu mojamoja, hupita kwenye matundu hayo kama oksijeni inavyopita. Kama kitambaa kinaruhusu pumzi, kinaruhusu na zebaki. Barakoa inayofaa ni ile yenye kichujio kilichotengenezwa mahususi kwa mvuke wa zebaki.

"Sioni moshi, kwa hiyo hewa ni safi." Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Jicho na pua si vipimo.

"Nimechoma miaka mingi, mwili umezoea." Mwili haujifunzi kuitoa zebaki haraka zaidi. Mfano wa 3 umeonesha kinachotokea: inalimbikizana mpaka inayoingia na inayotoka zilingane, na kiasi hicho kinabaki mwilini muda wote mtu anaoendelea na kazi.

"Hospitali wana dawa ya kuitoa." Zipo dawa zenye makundi ya –SH zinazoishika zebaki na kuitoa kwa mkojo, nazo hutolewa na daktari baada ya vipimo. Hata hivyo, hazina uwezo mkubwa wa kuitoa zebaki iliyokwisha kunaswa katika ubongo, na hazina maana kwa mtu anayerudi kesho kuvuta tena. Tiba ya kwanza ni kuondoka kwenye mvuke.

10. KINGA

Kwa kuwa mwili ni mwepesi kupokea zebaki na mzito kuitoa, kinga ina nguvu kuliko tiba.

Katika uchenjuaji: donge lisichomwe ndani ya nyumba wala karibu na makazi. Kitumike chombo kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji, ambapo mvuke hugeuka tena kimiminika na kukusanywa. Hii ni kanuni ileile ya ukenekaji uliyoisoma katika Kemia. Inapunguza mvuke unaovutwa na inamrudishia mchimbaji zebaki aliyoinunua. Nguo za kazi zibaki kazini. Nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zimejiunga na Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ambao unazitaka kupunguza, na inapowezekana kukomesha, matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Katika maabara: kipimajoto kikivunjika, mwambie mwalimu mara moja, fungueni madirisha na wanafunzi watoke. Usifagie, kwa sababu ufagio huvunja tone kubwa kuwa matone madogo mengi yenye eneo kubwa la kutoa mvuke. Mwenye glavu huyakusanya matone kwa karatasi ngumu, na kuyaweka kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko. Usiguse kwa mikono mitupu, usimwage kwenye sinki, usichukue kwenda kuchezea nyumbani.

11. MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

• Kuandika kwamba zebaki hupenya mapafu kwa osmosisi. Osmosisi huhusu maji kupita kwenye utando teule.
• Kuandika kwamba oksidisho lazima liongeze oksijeni. Hapa limetokea kwa kupoteza elektroni.
• Kusema Hg²⁺ ndiyo inayopita kwa urahisi kuingia kwenye ubongo. Inayopita ni Hg. Hg²⁺ ndiyo inayonaswa.
• Kudhani kwamba nusumaisha ya siku 60 ina maana zebaki huisha yote baada ya siku 120. Baada ya siku 120 hubaki robo.
• Kuchanganya sumu ya mvuke na sumu ya samaki wa Minamata. Hiyo ilikuwa methili-zebaki.

12. MASWALI YA KUJIPIMA

Sehemu A: Chagua jibu sahihi

1. Mvuke wa zebaki hupita kwenye ukuta wa kifuko cha hewa kwa njia ya
A. osmosisi B. difyusheni C. uchujaji D. usafirishaji unaotumia nishati

2. Kimeng'enya kinachohusika katika kuoksidisha zebaki ndani ya seli nyekundu za damu ni
A. amilesi B. pepsini C. lipesi D. katalasi

3. Kiungo kinachobeba kiasi kikubwa zaidi cha zebaki baada ya mtu kuvuta mvuke ni
A. figo B. moyo C. ngozi D. tumbo

4. Mtu mwenye miligramu 12 za zebaki mwilini ameacha kuvuta mvuke. Baada ya siku 120 atabaki na miligramu
A. 6 B. 4 C. 3 D. 1.5

Sehemu B: Majibu mafupi

5. Toa sababu moja kwa kila kauli:
(a) Kuvuta mvuke wa zebaki huingiza zebaki nyingi kwenye damu kuliko kumeza tone lake.
(b) Barakoa ya kitambaa haimkingi mchomaji.
(c) Zebaki iliyoingia kwenye ubongo haitoki kirahisi.

6. Chumba chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3 kimemwagikiwa zebaki, na gramu 0.9 zimegeuka mvuke. (a) Kokotoa ukolezi kwa miligramu kwa mita ya ujazo. (b) Ni mara ngapi ya 0.025?

7. Itachukua siku ngapi miligramu 12 kupungua hadi 1.5?

Sehemu C: Insha

8. "Zebaki huingia mwilini kwa sekunde, lakini hutoka kwa miezi." Fafanua kauli hii kwa kutumia maarifa ya ubadilishanaji wa gesi, oksidisho na utoaji wa takamwili. (Alama 15)

MAJIBU

1. B 2. D 3. A 4. C

5. (a) Mvuke ni atomu mojamoja zinazoyeyuka katika mafuta na hukutana na eneo kubwa lenye kuta nyembamba. Tone limejikusanya na hupita utumboni karibu bila kufyonzwa. (b) Atomu za mvuke ni ndogo kuliko matundu ya kitambaa. (c) Imeoksidishwa kuwa Hg²⁺ yenye chaji, imeshikamana na protini, na haipiti kirahisi kwenye kuta za kapilari za ubongo.

6. (a) Ujazo = 6 × 5 × 3 = mita za ujazo 90; gramu 0.9 = miligramu 900; 900 ÷ 90 = 10. (b) 10 ÷ 0.025 = mara 400.

7. 12 → 6 → 3 → 1.5 ni nusumaisha 3; 3 × 60 = siku 180.

8. Hoja zinazotegemewa: utangulizi unaoeleza chanzo cha mvuke (alama 2), sifa za mvuke na za vifuko vya hewa, difyusheni, asilimia 80 (alama 4), oksidisho kwa katalasi na mlinganyo wake (alama 3), kunaswa katika ubongo na figo, kushikamana na –SH (alama 3), njia za kutolewa na nusumaisha ya siku 60 (alama 2), hitimisho kwamba kinga hushinda tiba (alama 1). Panga hoja kwa mfuatano wa safari yenyewe, kutoka puani hadi kwenye mkojo. Ukifanya hivyo hutasahau hatua, na msahihishaji atakufuata bila kutafuta.